Hoja Sita: Historia ya Namna ya Kujibu Mtihani wa Historia Afrika Mashariki

Mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania anapotakiwa kueleza athari za ukoloni katika uchumi wa Afrika huwa analijua umbo la jibu lake hata kabla hajafikiria yaliyomo: utangulizi wenye fasili ya istilahi kuu, hoja sita zenye aya zake na mifano yake, kisha hitimisho fupi. Mwenzake wa Kenya ana umbo linalokaribiana na hilo, ingawa hoja zake zimekatwa katika vipande vya alama vilivyo wazi zaidi. Umbo hili limezoeleka kiasi kwamba walimu wengi hulifundisha kana kwamba ni sehemu ya taaluma ya historia yenyewe, ilhali wanahistoria hawaandiki hivyo, na hakuna kitabu cha maana cha historia ya bara hili ambacho kimejengwa kwa hoja sita zenye urefu sawa. Asili yake iko kwingine, katika swali la nani alisahihisha karatasi, akiwa wapi, akiwa na karatasi ngapi mbele yake, na kwa lugha ipi.

Mtihani unaohusika hapa ni ule unaoitwa mtihani wa nje, yaani mtihani uliotungwa na kusahihishwa na chombo kisichohusika na ufundishaji wa mwanafunzi. Elimu ya kale ya pwani haikuwa na kitu hicho. Katika vyuo vya Kurani na katika darasa za masheikh wa Lamu na Unguja, aliyefundisha ndiye aliyepima, naye alipima kwa kusikiliza. Mwanafunzi aliyefikia kiwango alipewa ijaza, yaani idhini ya mwalimu ya kukisomesha kitabu fulani, na thamani ya ijaza hiyo ilitegemea jina la mwalimu aliyeitoa pamoja na silsila ya walimu waliomtangulia. Shule za wamisionari zilizofuata katika karne ya 19 zilileta katekisimu, maswali na majibu ya dini yaliyohifadhiwa neno kwa neno, lakini hapo pia muulizaji na mjibuji walikuwa uso kwa uso. Kwa sababu hiyo, maelezo yanayopendwa na baadhi ya wachambuzi wa elimu, kwamba tabia ya kukariri mashuleni ni urithi wa chuo cha Kurani, hayana mashiko makubwa. Mwanafunzi wa chuo alihifadhi matini ambayo thamani yake ilikuwa katika kuhifadhiwa, na mwalimu aliyemfahamu aliweza kumuuliza tena, kumrudisha nyuma na kumsahihisha papo hapo. Mtahiniwa, yaani anayefanya mtihani, hahifadhi matini ya namna hiyo. Huhifadhi majibu ya maswali ambayo bado hayajaulizwa, kwa ajili ya msomaji ambaye hatamwona.

Msomaji huyo asiyeonekana ana historia yake. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kuendesha mitihani kwa wanafunzi wa shule za Uingereza, na kabla ya karne kwisha mitihani hiyo ilikuwa imevuka bahari kwenda katika makoloni. Mtahiniwa alitambulishwa kwa namba, na karatasi za maswali zilisafirishwa zikiwa zimefungwa kwa lakiri. Wazo la kumficha mtahiniwa lenyewe ni kongwe kuliko Cambridge: katika China ya nasaba ya Song, karibu miaka elfu moja iliyopita, majina yalifunikwa na majibu yalinakiliwa upya na makarani ili mtahini asiutambue hata mwandiko. Lengo lilikuwa haki, na haki hiyo ilikuwa ya kweli, kwani mtoto wa mkulima na mtoto wa chifu walisomwa kwa jicho moja. Hata hivyo, haki hiyo ilikuwa na gharama. Mtahini asiyemjua mwanafunzi hana njia ya kutambua alichokusudia kusema. Hupima kilichopo kwenye karatasi tu, na kilichopo kinampa alama kwa kadiri kinavyofanana na alichoelekezwa kukitafuta.

Katika Afrika Mashariki, cheti cha Cambridge kilikuja kuwa lango la juu la elimu ya sekondari katika kipindi cha ukoloni wa Uingereza, na shule chache teule, kama vile Alliance katika eneo la Kikuyu, King's College ya Budo na shule ya serikali ya Tabora, zilijengewa sifa kwa matokeo yake. Kilikuwa cheti cha kundi, maana yake mwanafunzi hakupewa cheti cha somo mojamoja bali alipaswa kufaulu masomo kadhaa kwa pamoja, Kiingereza kikiwa cha lazima. Kila somo lilipewa daraja kuanzia 1, lililo bora, hadi 9, la kushindwa, na jumla ya masomo bora ndiyo iliyoamua cheti ni cha daraja la kwanza, la pili au la tatu. Mtindo wa divisheni unaotumika Tanzania hadi leo, ambapo pointi saba ni fahari ya familia na kadiri pointi zinavyoongezeka ndivyo matokeo yanavyokuwa mabaya, ni mtoto wa moja kwa moja wa hesabu hiyo, na ndiyo sababu mgeni huhitaji kuelezwa mara mbili.

Mtihani wa historia wa zama hizo ulihusu Dola ya Uingereza na Jumuiya yake ya Madola, na mwanafunzi wa Tabora au Budo aliandika juu ya wapelelezi, magavana na vita vya mabaharia kwa ajili ya msahihishaji aliyekuwa Uingereza. Mikakati yote mikuu ya kusomea mtihani ambayo bado inatawala ilizaliwa katika umbali huo. Kwa kuwa mtahini hakuweza kuulizwa, zilichunguzwa karatasi zake za miaka iliyopita, na mwalimu hodari akawa yule aliyeweza kubashiri mada ambayo haijatoka kwa miaka miwili mitatu na kwa hiyo ingeweza kutoka mwaka huu. Kwa kuwa maswali yalikuwa mengi na mtahiniwa alitakiwa kuchagua machache, ilikuwa busara kusoma nusu ya muhtasari wa somo kwa undani na kuiacha nusu nyingine. Kwa kuwa kila swali lilikuwa na alama sawa, mwanafunzi alifundishwa kuugawa muda kwa saa ya ukutani na kuliacha swali analolipenda likiwa halijakamilika, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha tabia ya mtu anayependa kujua. Kwa kuwa msahihishaji alisoma karatasi nyingi kwa siku, aya ya kwanza ilipaswa kumhakikishia mara moja kwamba swali limeeleweka.

Uhuru ulibadilisha yaliyomo haraka kuliko umbo. Idara ya historia ya chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambayo Terence Ranger alikuwa profesa wake wa kwanza, ilijitwika kazi ya kuandika historia ambamo Waafrika ni watendaji. Mwaka 1968 Bethwell Ogot na J. A. Kieran walihariri kitabu cha Zamani kuhusu historia ya Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata Isaria Kimambo na Arnold Temu wakatoa historia ya Tanzania. Walter Rodney, aliyekuwa akifundisha hapohapo Dar es Salaam, alichapisha mwaka 1972 kitabu chake maarufu kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Mawazo haya yaliingia mashuleni kwa kasi ya kustaajabisha. Muhtasari wa Tanzania ukapangwa kwa mfuatano wa mifumo ya uzalishaji mali, yaani ujima, utumwa, ukabaila, ubepari na ujamaa, na vita vya Majimaji vikachukua nafasi ya vita vya Uingereza na Ufaransa.

Upande wa mitihani, Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki lilianzishwa mwaka 1967 ili kuondoa utegemezi kwa Cambridge. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa Sheria Namba 21 ya mwaka 1973. Kenya ilipata baraza lake mwaka 1980. Mabaraza haya mapya yaliajiri watahini Waafrika, yakatunga maswali ya Kiafrika, na yakahifadhi karibu kila kitu kingine: namba ya mtahiniwa, bahasha iliyofungwa, uchaguzi wa maswali, insha iliyopewa muda, na ngazi ya wasahihishaji iliyokuwa na mtahini mkuu juu na viongozi wa timu chini yake. Matokeo yake yalikuwa na kinaya: nadharia ya Rodney, iliyoandikwa ili kuvunja mazoea ya fikra, iligeuka katika daftari za wanafunzi kuwa orodha ya athari za biashara ya utumwa, zenye namba na zinazohifadhika.

Haikuwa kwamba viongozi hawakuliona tatizo. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967, Rais Julius Nyerere wa Tanzania alieleza kwamba elimu ya msingi ilikuwa imepangwa kwa ajili ya wachache watakaokwenda sekondari, ambao aliwataja kuwa takribani asilimia 13, na akataka mtihani ushushwe hadhi. Azimio la Musoma la chama tawala, TANU, la mwaka 1974 lilifuata njia hiyo, na kuanzia mwaka 1976 alama za upimaji endelevu, yaani kazi za darasani, majaribio, miradi na hata tabia ya mwanafunzi, zilihesabiwa pamoja na alama za mtihani wa mwisho. Hata hivyo, siasa ya wakati huo, ambayo ilitaka kuipunguzia nguvu karatasi ya mtihani, bila kukusudia iliupa umbo mtindo mpya wa kujibu. Nyaraka za chama zilipenda kuhesabu. Maadui wa taifa walikuwa watatu, ujinga, maradhi na umaskini. Mahitaji ya maendeleo yalikuwa manne, watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliandikwa kwa vifungu vyenye namba ambavyo wafanyakazi walivitaja kwa namba zake katika migogoro ya viwandani. Katika somo la Siasa, ambalo baadaye, nchi ilipoingia katika vyama vingi, lilipisha somo la Uraia, mtahiniwa aliyeyataja mahitaji yote manne ya maendeleo alipata alama, na aliyesahau uongozi bora alipoteza robo. Ni vigumu kupima kwa usahihi ni kiasi gani mazoea haya yalihamia katika somo la historia, lakini kizazi kilichojifunza kwamba ukweli wa jamii huja ukiwa umehesabiwa ndicho kilichotoa walimu wa historia wa miaka ya 1980 na 1990.

Lugha iliongeza uzito wa mambo haya kuliko sababu nyingine yoyote. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, huku Kiingereza kikiendelea kutawala sekondari. Mtoto aliyeweza kueleza kwa ufasaha, kwa Kiswahili, jinsi Kinjekitile, kiongozi wa Majimaji, alivyowaunganisha watu kwa imani ya maji, hujikuta miaka michache baadaye akitakiwa kueleza jambo hilohilo kwa lugha ambayo hana uwezo wa kuunda ndani yake sentensi ngumu papo kwa hapo. Kukariri, kunakolaumiwa kila matokeo yanapotangazwa, ni uamuzi wa kiakili katika mazingira hayo: sentensi iliyohifadhiwa nzima haina kosa la sarufi, na hoja iliyopangwa tayari humwacha mtahiniwa na kazi moja tu, ya kutambua ni hoja zipi kati ya alizohifadhi zinazolingana na swali. Ndiyo maana wanafunzi huunda maneno ya kubuni kwa herufi za mwanzo za hoja, ili neno moja lisilo na maana liwarudishie aya sita. Ndiyo maana pia swali likibadilishwa kidogo tu, kwa mfano likiuliza sababu badala ya athari, karatasi nyingi hujaa majibu sahihi ya swali ambalo halikuulizwa.

Uhusiano kati ya umbo la jibu na usahihishaji unaonekana kwa uwazi zaidi katika chumba cha kusahihishia. Kabla ya kazi kuanza, walimu waliokusanywa hupitia mwongozo wa usahihishaji, yaani waraka unaoorodhesha majibu yanayokubalika na alama za kila kipande, kisha husahihisha karatasi chache za majaribio na kulinganisha alama zao mpaka tofauti zipungue. Hatua hii huitwa kusawazisha. Katika mtihani wa Kenya wa Historia na Serikali, swali la insha lenye alama 15 kwa kawaida hugawanywa katika sehemu mbili, na sehemu ya pili, ikiwa ya alama 12, hudai hoja sita za alama mbili kila moja. Mantiki yake ni ya kihesabu: alama moja kwa kuitaja hoja na nyingine kwa kuifafanua. Swali linaloagiza kutaja hutaka kishazi kifupi, na linaloagiza kueleza hutaka sentensi yenye sababu yake, hivyo mtahiniwa anayetaja palipotakiwa kueleza huondoka na nusu ya alama hata kama anajua mengi. Walimu wa Kenya kwa hiyo huwazuia wanafunzi wao kuorodhesha kwa namba katika sehemu za insha, na huwaelekeza waandike kwa nathari. Baada ya mtindo wa usahihishaji wa mkupuo kuingia, ambapo kila msahihishaji hupewa swali moja tu na karatasi hupita mikononi mwa watu kadhaa kama bidhaa kiwandani, hakuna tena mtu mmoja anayesoma insha zote za mtahiniwa mmoja na kupata picha ya akili yake. Msahihishaji husoma jibu la swali lilelile mamia ya mara. Mbele ya msomaji wa aina hiyo, hoja inayoanza kwa sentensi iliyo wazi, mwanzoni mwa aya, huonekana. Hoja iliyofichwa katikati ya simulizi nzuri huweza kupitwa.

Ikumbukwe kwamba mpango huu una utetezi wake, na watetezi wake si watu wa kubezwa. Kabla ya miongozo ya kina, insha ya historia ilipewa alama kwa hisia ya jumla ya msomaji, na hisia hiyo ilipendelea Kiingereza kizuri. Mwanafunzi wa shule ya kata asiye na maktaba alishindwa na mwenzake wa shule teule hata pale walipojua mambo yaleyale. Kuhesabu hoja kulimpa wa kwanza nafasi. Kilichopotea ni kile ambacho hakina nafasi katika jedwali la alama, yaani kupima uzito wa sababu moja dhidi ya nyingine, kutilia shaka chanzo, au kusema kwamba jambo fulani lilikuwa athari na pia sababu.

Soko halikukawia kuitikia. Nchini Kenya, vitabu vya Malkiat Singh vilikuwa kwa miongo kadhaa mwandani wa kila mtoto wa shule ya msingi aliyejiandaa kwa karatasi ya Jiografia, Historia na Uraia, ambayo wanafunzi waliiita kwa kifupi GHC baada ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kuanza mwaka 1985. Nchini Tanzania, vitabu vya mchapishaji Nyambari Nyangwine vilipangwa kwa mada na hoja kiasi kwamba mwanafunzi aliweza kuhamisha ukurasa hadi kwenye karatasi ya mtihani bila kubadilisha mpangilio. Sambamba navyo yakasambaa madesa, jina wanalolitumia wanafunzi kwa nukuu zilizotolewa nakala na kupitishwa kutoka darasa hadi darasa, na twisheni za jioni ambamo kazi kuu ilikuwa kufumua mitihani iliyopita.

Katika ngazi ya msingi safari ilikwenda upande mwingine, kwani huko insha haikuwa na nafasi. Karatasi ya Maarifa ya Jamii, ambayo nchini Tanzania kwa miaka mingi ilikusanya historia, jiografia na uraia, ilikuwa kwa sehemu kubwa ya maswali ya kuchagua, na mwaka 2012 Baraza lilianza kusahihisha mtihani wa kumaliza elimu ya msingi kwa mashine inayosoma fomu zilizosilibwa. Mikakati ya huko ni ya aina nyingine: kufuta machaguo yaliyo wazi kuwa si sahihi, kusiliba bila kutoka nje ya duara, kutoacha swali lolote bila herufi.

Mwaka huohuo wa 2012 ulileta mshtuko mkubwa upande wa sekondari, kwani karibu asilimia 60 ya watahiniwa wa kidato cha nne walipata divisheni sifuri matokeo yalipotangazwa mwanzoni mwa 2013. Serikali iliunda tume, matokeo yakapangwa upya, na katikati ya muongo huo divisheni ziliondolewa kwa muda mfupi na kuwekwa wastani wa alama kabla ya kurejeshwa. Jambo lenye manufaa zaidi lililostawi katika kipindi hicho halikupewa vichwa vya habari: taarifa za Baraza za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo huonyesha kwa kila swali sampuli ya jibu zuri na sampuli ya jibu baya, zikiwa zimepigwa picha kwa mwandiko wa mtahiniwa mwenyewe. Mtahini, aliyekuwa siri tangu zama za Cambridge, alianza kusema hadharani anachotaka. Kwa mwanahistoria wa elimu, kurasa hizo ni hazina, kwa kuwa mitihani huacha maswali yake kwenye kumbukumbu lakini karibu kila mara huteketeza majibu.

Mitaala iliyoboreshwa ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2024 imeleta sekondari somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Kwa somo hilo, kizuizi cha lugha kilichofanya kukariri kuwe uamuzi wa busara kimeondoka, na mwanafunzi anaweza kueleza Majimaji kwa sentensi anazoziunda mwenyewe. Mwongozo wa usahihishaji haujaondoka, wala wingi wa karatasi. Majibu ya watahiniwa wa somo hilo ndiyo yatakayoonyesha kama hoja sita zilikuwa zimeshikwa na Kiingereza au na jedwali la alama, mradi tu mtu awahi kuyasoma kabla hayajateketezwa.